Reli ya Kasese Isigawanywe

Tangu Oktoba 2024, serikali ya Uganda ilipotia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi wa kujenga reli ya kisasa (SGR) ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa takriban euro bilioni 2.7, mazungumzo kuhusu reli ya zamani yamegeuka. Awali watu waliuliza treni itarudi lini. Sasa wanauliza ardhi yake atapewa nani. Wapo wanaosema reli ya mkoloni imekwisha, vyuma vyake viuzwe na viwanja wagawiwe wananchi au wawekezaji. Wapo pia vijana wa Kampala, wengi wao wapenda baiskeli, ambao wameona picha za Singapore na New York na wanataka njia zote za zamani zifanywe mahali pa kutembea na kupunga upepo. Makundi haya mawili yanabishana vikali, lakini yamekubaliana juu ya jambo moja lisilo kweli: kwamba reli yote ya zamani imekufa, na kwamba ardhi yake sasa ni ziada.

Msimamo wangu ni huu. Vipande vya reli ambavyo treni haijapita kwa miongo, hasa kile cha Kampala hadi Kasese, magharibi mwa nchi, vifanywe njia za umma za miguu na baiskeli, na vifanywe hivyo mapema. Sababu kubwa si burudani, ingawa burudani naitaka na nitaitetea hapa. Sababu ni kwamba njia inayopitwa na watu kila siku, yenye mipaka inayoonekana na jina linalojulikana kwa kila mtu kijijini, ni ngumu kuibwa kuliko tuta lililomezwa na magugu. Anayedhani njia ya baiskeli inakuja kuizika reli ameelewa kinyume. Inakuja kuishikia nafasi.

Kwanza tutenganishe kilicho hai na kilichokufa, maana hapo ndipo mjadala unapopotea. Reli ya zamani ya geji ya mita (upana wa mita moja kati ya vyuma) kutoka Malaba kupitia Tororo na Jinja hadi Kampala bado inabeba mizigo na imekuwa ikifanyiwa matengenezo. Kipande cha Tororo hadi Gulu, kilomita 375, kimekuwa kikikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Tawi la Port Bell lina kazi yake ya kuunganisha mji mkuu na Ziwa Viktoria. Huko pote hakuna cha kugeuza, na anayependekeza kung'oa reli huko kwa ajili ya baiskeli anaidhuru hoja yake mwenyewe. Wafu ni wengine: Kampala hadi Kasese, Gulu hadi Pakwach, na tawi kongwe la Busoga lililokuwa likiishia Namasagali.

Reli ya Kasese ilikamilika mwaka 1956, na haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa kwa sababu ya shaba ya Kilembe, iliyo chini ya milima ya Rwenzori. Madini yalipakiwa Kasese, yakasafirishwa kupita Kamwenge na Mityana, yakavuka Kampala na kufika Jinja, ambako kulikuwa na kiwanda cha kuyeyushia kilichotumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Ilikuwa mipango ya nchi iliyofikiria mgodi, umeme na reli kwa pamoja. Mgodi ulisimama mwaka 1982, na hapo reli ikapoteza mteja wake mkubwa. Treni za abiria zilisimamishwa nchini kote mwaka 1997, na kuelekea mwisho wa muongo huo upande wa Kasese ukanyamaza kabisa. Kilichofuata wenyeji wanakijua: mataruma ya chuma yakaanza kutoweka usiku na kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mashamba yakapanda juu ya tuta, na katika miji midogo vibanda vikajipanga palepale reli ilipokuwa. Mkataba wa mwaka 2006 ulioikabidhi reli ya Kenya na Uganda kwa kampuni ya Rift Valley Railways haukuifufua njia hiyo. Shirika la Reli la Uganda lilipoirudisha mikononi mwake kazi ya kuendesha treni mwaka 2018, lilirudishiwa na kilomita zaidi ya 300 za tuta lisilo na mlinzi.

Namasagali ina kisa chake, na sioni kwa nini tukipite haraka. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa 1912, karibu miaka 20 kabla ya daraja la Jinja kuifikisha reli ya Mombasa mjini Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo kwa muda mrefu ilikuwa reli iliyojitegemea, ikianzia kwenye ziwa moja na kuishia kwenye mto unaoelekea ziwa jingine. Pamba ya Busoga na ya ng'ambo ya Kyoga ilipita humo. Abiria waliokuwa wakienda mbali walishuka Namasagali, wakapanda meli kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, wakachukuliwa kwa gari hadi Butiaba, na hapo wakapanda meli nyingine kwenye Ziwa Albert, wengine kuelekea Kongo, wengine kuelekea Nimule na Sudan. Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha maji ya maziwa yetu na kuiua bandari ile. Majengo ya reli yakawa shule, Chuo cha Namasagali, kilichotoa viongozi wengi wa nchi hii. Mji huo ulijengwa na reli ukaokolewa na shule, na historia yake ni ya Afrika Mashariki nzima. Leo mgeni akitaka kuifuata kwa miguu hana njia iliyotengenezwa wala kibao cha kumwelekeza. Jinja angalau sasa ina makumbusho ya reli. Makumbusho yenye njia ya kutembea inayoanzia mlangoni pake yangekuwa jambo jingine kabisa.

Sasa kuhusu njia zenyewe. Watu tayari wanazitumia. Nimetembea kwenye tuta la reli upande wa Mityana, na niliokutana nao walikuwa wanafunzi wenye sare, akina mama wenye ndoo, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa matoke kiasi cha kumfunika mtu. Hakuna kati yao aliyekuwa akifanya utalii. Wanalipenda tuta kwa sababu ambayo mhandisi aliyelijenga angeielewa mara moja: treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo njia ya reli huzunguka vilima, hukata kingo na kuvuka mabwawa ya mafunjo juu ya udongo ulioshindiliwa. Katika nchi ya vilima kama Buganda na Tooro, hiyo ndiyo zawadi kubwa kwa mwenye baiskeli isiyo na gia na mzigo wa kilo 100 nyuma yake. Barabara kuu imejengwa kwa ajili ya lori, haina pembeni pa kukimbilia, na matatu inayokata kona haimngoji mwenye mzigo. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012, na Kampala wakajaribu kuitekeleza kwenye barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum. Kule ilibidi kuwapokonya magari nafasi, na magari hayakubali kirahisi. Kwenye tuta la Kasese nafasi ipo, wala hakuna gari la kunyang'anywa.

Wenzetu walioanza kazi hii wana mengi ya kutufundisha, ila si yale yanayoonekana kwenye picha. Watu huona bustani ya juu ya reli ya New York na kudhani ndiyo mfano. Mfano wenye manufaa kwetu uko kwenye sheria. Marekani ilianza mapema, kwa njia ya Elroy hadi Sparta katika jimbo la Wisconsin iliyofunguliwa 1967, lakini hatua kubwa ilikuja 1983, Bunge lao lilipopitisha kifungu kinachoruhusu reli inayoachwa kuwekwa akiba. Kampuni ya reli huacha kupitisha treni, njia ya miguu na baiskeli huwekwa, na kisheria ukanda ule huhesabiwa kuwa bado ni wa reli, unaoweza kudaiwa siku treni ikihitajika. Lengo lililoandikwa lilikuwa kuzuia mtandao wa reli usikatwekatwe vipande. Njia ya kutembea ilikuwa matumizi ya muda, na matumizi hayo ndiyo yaliyoupa ukanda mlinzi.

Hispania ilipita njia nyingine iliyo karibu zaidi na hali yetu. Mpango wao wa njia za kijani ulioanza 1993 umeshafikisha zaidi ya kilomita 3,000, na msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi inabaki mali ya taasisi za reli za umma, huku serikali za mitaa zikipewa haki ya kuitumia na wajibu wa kuitunza. Kwa maneno ya kwetu, Shirika la Reli lingebaki na hati, na wilaya za Mityana, Kamwenge na Kasese zingepewa ruhusa yenye masharti. Singapore nayo inatuhusu kwa sababu moja: reli yao ilikuwa ya geji ya mita, ya mkoloni yuleyule, na ardhi iliporudi mikononi mwa serikali mwaka 2011, kulikuwa na kishawishi kikubwa cha kuikata viwanja katika kisiwa ambacho kila mita ya ardhi ni dhahabu. Waliamua ukanda wote wa kilomita 24 ubaki mzima. Reli zenyewe zikang'olewa, madaraja ya chuma yakabakizwa.

Na upo mfano wa waliofanya kile wanachokitaka wanaosema ardhi yetu igawanywe. Uingereza ilifunga maelfu ya kilomita za reli katika miaka ya 1960 na kuuza sehemu kubwa ya ardhi vipandevipande. Reli iliyokuwa ikitoka Edinburgh kwenda kusini kupitia mpakani ilifungwa 1969. Miongo ikapita, wakazi wakadai treni irudi, na serikali ya Scotland ikakubali. Kipande cha kwanza kilifunguliwa tena 2015, lakini kwanza ilibidi ardhi inunuliwe upya na njia ikwepeshwe mahali ambapo nyumba na barabara zilikuwa zimekalia tuta. Kilichouzwa kwa bei ya chee kilinunuliwa kwa bei ya soko. Sisi hatuna fedha za kununua ardhi yetu mara mbili. Mradi wa SGR wenyewe umetuonyesha jinsi fidia ya ardhi inavyokula muda: mkataba wa awali na kampuni ya Kichina ulisainiwa 2015, ukavunjwa 2023, na katika miaka yote hiyo suala la nani alipwe nini kwa shamba lipi halikupoa.

Hapa nageukia wanaopinga, na nianze na hoja yao yenye nguvu kuliko zote, ambayo wahandisi na wazee wa reli wa Tororo na Nsambya huitoa bila kusitasita. Wanasema: ukishawapa watu njia ya kutembea, hutaweza kuichukua tena. Sheria ya Marekani inaahidi treni inaweza kurudi, lakini njia ambazo treni imerudi kweli ni chache mno. Mtu akizoea kupeleka mtoto shule kwa njia salama, ataandamana siku utakapomwambia aipishe treni ya shaba. Hoja hii siwezi kuifuta, na sitajaribu. Nasema tu kwamba inalinganisha njia ya miguu na hali isiyokuwepo. Ingekuwa na uzito wa kutosha kama tuta la Kasese leo lingekuwa tupu likingoja treni. Halingoji. Lina maduka, migomba na misingi ya nyumba. Kati ya kumwomba mwanafunzi na mwenye baiskeli wasogee pembeni, na kumvunjia mtu nyumba aliyoijenga kwa miaka 15, serikali yenye busara itachagua lililo jepesi. Tena njia inaweza kusogea. Hifadhi ya reli upana wake unahesabiwa kwa makumi ya mita, ilhali njia ya miguu na baiskeli inatosheka na mita 3 au 4. Treni ikirudi, njia inahamia pembeni ndani ya hifadhi ileile, kama ilivyo katika nchi kadhaa ambako watu na treni hupita sambamba wakitenganishwa na uzio.

Wengine huongeza kwamba serikali ina mpango wa kuifikisha SGR hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa hiyo tusubiri. Reli ya kisasa haipendi kona kali kama zile za 1956, na haitafuata tuta la zamani mwanzo hadi mwisho. Pale itakapolifuata, ardhi iliyolindwa itapunguza mzigo wa fidia. Pale itakapoliacha, tuta litabaki bila kazi yoyote ya reli, na hapo hata wahandisi hawatakuwa na sababu ya kuikataa njia. Kusubiri hakutulindii chochote katika hali zote mbili.

Hoja ya pili inagusa haki, na inaniumiza zaidi. Je, wanaoishi ndani ya hifadhi? Tumeona bomoabomoa ya mwaka 2014 kando ya reli mjini Kampala, wafanyabiashara wadogo wakiokota mabati yao kwenye matope. Neno lolote kuhusu kuifufua ardhi ya reli huamsha hofu hiyo, na hofu hiyo ina haki yake. Wapo wanasiasa wanaowaambia wakazi kwamba muda waliokaa umeshawapa haki kamili. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkazi aliyekalia ardhi yenye hati bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kutumika. Treni zilikuwa bado zikipita kwenye njia ya Kasese wakati Katiba inaandikwa, kwa hiyo kwa wengi waliojenga baada ya reli kunyamaza, ngao hiyo haiwafiki. Wanadanganywa na wanaowapa matumaini ili wapate kura. Lakini kutokuwa na hati hakumfanyi mtu kuwa takataka. Na hapa ndipo njia ya miguu inapoonyesha ubora wake mbele ya miradi mingine yote: ni mradi wa umma unaoweza kujipinda. Reli haiwezi kukwepa nyumba. Barabara ya lami haikwepi. Njia ya mita 3 inaweza kupita nyuma ya soko, kuzunguka msikiti uliojengwa kimakosa juu ya tuta, kisha kurudi kwenye mstari wake. Mkazi anaweza kubaki kwa mkataba wa muda unaotamka wazi kwamba ardhi ni ya umma, akauza chai na rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) kwa wapitao. Kinachotakiwa ni kuzuia ujenzi mpya kuanzia leo. Mpango wa njia utakaoanza kwa tingatinga nitaupinga kwa nguvu ileile ninayoutetea nayo hapa.

Lipo fundisho moja la Marekani linalofaa kutiwa hapa, maana wapenzi wa njia hizi hawapendi kulitaja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya familia ya Brandt wa jimbo la Wyoming, iliamua kwamba kampuni ya reli iliyokuwa na haki ya kupita tu, bila kumiliki ardhi, ikiacha njia basi haki hiyo inakufa na ardhi inabaki huru kwa mwenye shamba. Njia ya Kasese inapita kwenye ardhi ya mailo (umiliki binafsi wa kale wa Buganda), ya kimila na ya serikali. Kabla ya kuweka hata kibao kimoja, ni lazima ijulikane kila kipande kilipatikanaje mwaka ule wa ujenzi: kilinunuliwa, kilichukuliwa, au kiliombwa haki ya kupita. Kazi hiyo ni ya wapima ardhi na wanasheria, inachosha, haipigwi picha, na bila hiyo mradi wote utaishia mahakamani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kutembea kwa burudani ni anasa ya Wazungu, na Mganda ana shida za kutosha asihitaji mahali pa kupunga upepo. Anayesema hivi hajawahi kusimama Mengo siku ya mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, watu wa kila umri wakijaza barabara kwa makumi ya maelfu. Hajafika Kasese wakati wa mbio za Rwenzori, ambazo tangu 2022 zimejaza nyumba za wageni za mji huo uliokuwa ukisinzia tangu mgodi ufungwe. Nchi hii imemtoa mwanariadha Joshua Cheptegei, na kila asubuhi Kololo imejaa watu wanaotembea kando ya magari kwa sababu hawana pengine pa kutembea. Maskini ndiye mwenye haja kubwa ya mahali pa umma, maana tajiri ana ua wake, klabu yake na uwanja wake wa gofu. Daktari akimwambia mama wa Ndeeba mwenye sukari na presha atembee kila siku, atatembea wapi? Kumwambia kwamba hilo ni jambo la Wazungu ni kumdharau.

Yapo matatizo ya kawaida ambayo hayahitaji falsafa. Bodaboda wataingia. Wataingia hakika, kwa sababu njia iliyonyooka na isiyo na askari ni ndoto ya kila bodaboda, na vizuizi vya chuma peke yake havitoshi bila kamati za vijiji na wenyeviti wa LC, yaani halmashauri za mitaa, kukubali kwamba njia ni yao. Usiku kuna wizi. Madaraja ya chuma yanahitaji sakafu na kingo kabla mtoto hajaruhusiwa kupita. Na kati ya Kamwenge na Kasese, reli inaposhuka kuelekea Ziwa George, inaingia kwenye nchi ya tembo, katika eneo linalounganisha msitu wa Kibale na hifadhi ya Queen Elizabeth. Kipande hicho kisifunguliwe kwa wapita njia huru. Kiwe chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, kwa safari zenye askari wa hifadhi, au kiachwe kwa wanyama kabisa. Ziwa George lilikuwa ardhi oevu ya kwanza ya Uganda kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, mwaka 1988, na sioni fahari yoyote ya kuwa na njia ndefu isiyokatika ikiwa gharama yake ni kuwasumbua tembo ambao nao wana njia yao ya kale.

Kuhusu fedha, wapo wanaopiga hesabu ya utalii na kuona mabilioni. Mimi ni mwangalifu zaidi. New Zealand ilifungua njia ya reli ya Otago ya kilomita 152 mwaka 2000, na vijiji vilivyokuwa vikifa baada ya treni kuondoka vikapata nyumba za wageni, migahawa na waendeshaji baiskeli wa kukodi. Lakini serikali ilikuwa imeinunua ardhi yote miaka saba kabla, na watumiaji wao wengi ni watu wa nchi hiyohiyo. Hilo la pili ndilo la kushika. Njia ya Kasese ikitegemea mgeni wa dola itakufa siku mgeni atakapoahirisha safari. Ikianza kwa mwanafunzi wa Mityana na muuza maziwa wa Kamwenge, mgeni akija ataikuta hai. Mahitaji ya mwanzo si makubwa: kokoto nyingi bado ziko chini, tuta limeshashindiliwa na uzito wa treni kwa miaka 40, na kazi ya kufyeka, kujaza mashimo na kuchimba mifereji inaweza kufanywa na vijana wa parokia (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji) husika kwa malipo.

Kinachofuata kutoka katika haya yote ni mpangilio wa kazi. Shirika la Reli litangaze kwamba hakuna kipande cha hifadhi kati ya Kampala na Kasese, wala kati ya Gulu na Pakwach, kitakachokodishwa au kuuzwa hadi hati zote zihakikiwe. Waziri wa Uchukuzi apeleke bungeni kifungu kifupi kinachosema kwamba njia ya umma juu ya ardhi ya reli ni matumizi ya muda, kwamba hati inabaki kwa shirika, na kwamba treni ikirudi njia itahamishiwa pembeni kwa gharama ya mradi wa reli, isifutwe. Kipengele cha gharama kiandikwe mapema, kwa sababu hicho ndicho kitakachowapa wahandisi sababu ya kuacha nafasi kwenye michoro yao. Kisha ianze kazi kwenye vipande viwili vya majaribio: Mityana, ambako watumiaji wapo tayari, na tawi la Namasagali kuanzia Mbulamuti, ambako historia ipo na chuo kipo. Reli chakavu zitakazong'olewa zisiuzwe kwa mlango wa nyuma. Zihesabiwe hadharani, kilomita kwa kilomita, na fedha yake iende kwenye madaraja ya njia hiyohiyo. Wilaya ambayo itakuwa bado inagawa viwanja juu ya tuta wakati jirani yake anapanda miti kando yake italazimika kuwaeleza wakazi wake kwa nini.